Picha za Wazee Wetu

Desemba 3, 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishukia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Nyumba zilizosombwa zilikwenda na picha zake: za harusi, za kipaimara, za marehemu bibi.

Mpendwa msomaji wa Hanang na Mbulu, baada ya ibada leo toa albamu kabatini. Skana ya ofisi ya parokia ingefaa sana (wachungaji na mapadri, mnasikia?), lakini hata simu inatosha, karibu na dirisha, flashi ikiwa imezimwa. Kwanza muulize babu majina, uyaandike nyuma kwa penseli. Yoshua alisimamisha mawe 12 kule Gilgali ili watoto waulize. Palikuwa na wa kuwajibu. Nakala mtumie ndugu aliye Arusha.