Wastaafu Wasiondoke na Chuo Kichwani

Kijana aliyeajiriwa Morogoro akiwa na umri wa miaka 20, Julai 1984, wakati Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipotengwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifikisha miaka 60 mwaka 2024. Hesabu hiyo ni nyepesi lakini maana yake ni nzito. Kizazi kilichokipokea Chuo hicho kikiwa kichanga kimekwisha kuondoka, au kimo mlangoni. Hatusemi juu ya maprofesa, ambao sheria huwaruhusu kufika miaka 65 na ambao maandishi yao hubaki maktabani. Tunasema juu ya waendeshaji: maafisa utawala, maafisa utumishi, wahasibu na watunza masijala. Hao huondoka wakiwa na miaka 60, na wanayoyajua hayamo katika kitabu chochote.

Mwendeshaji wa namna hiyo, akiketi siku zake za mwisho ofisini huku milima ya Uluguru ikimtazama, ana mengi ya kukumbuka. Chuo kilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki katika ajali ya gari huko Dakawa, mkoani humo humo, tarehe 12 Aprili 1984. Makamu Mkuu wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, mwaka 1988 alikwenda kuongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye akawa wa kwanza tena katika Chuo Kikuu Huria. Kiongozi huhama na ujuzi wake akaufaidisha kwingine. Mwendeshaji hubaki palepale, na kila Makamu Mkuu mpya humkuta na kumwuliza. Mwaka 1992, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipoikabidhi Mazimbu kwa Serikali yetu na majengo yale yakawa ya Chuo, hotuba zilitolewa na wakubwa. Lakini nyumba, vitanda na funguo havihesabiwi kwa hotuba. Hata panya wanaofundishwa hapo kunusa mabomu ya ardhini wana kumbukumbu zao. Mmoja wao, Magawa, alipostaafishwa mwaka 2021 baada ya kazi yake Kambodia, magazeti ya dunia yaliandika habari zake. Hatumwonei kijicho. Tunauliza tu ni mtunza masijala gani aliyepata kuandikwa hata mistari miwili.

Hasara ya kutokumbuka inaonekana katika milima hiyo hiyo. Miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mashambani mwao. Watu walikataa, mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. Tangu hapo wataalamu wengi wamepanda huko na mipango mipya ya kuhifadhi udongo na vyanzo vya maji, kwa kuwa Mto Ruvu unaotoka milimani humo ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Mtaalamu asiyejua habari za 1955 hushangaa wazee wakimsikiliza kwa mashaka. Aliyeshika majalada ya mashamba ya majaribio kwa miaka 30 hashangai. Yeye anajua kijiji kipi kiliahidiwa nini, na nani aliahidi.

Sasa tuitazame desturi yetu ya kuagana. Chai, hotuba, zawadi, picha ya pamoja. Hati ya makabidhiano, ikiwapo, hutaja funguo, kompyuta na gari. Haisemi kwa nini mpaka fulani wa ardhi uliachwa ulivyo, wala ahadi gani ya mdomo ilitolewa. Tangu mwaka 2018 mazungumzo ya kustaafu yamejaa kikokotoo, na ni haki yake, maana mtu hali makumbusho. Lakini miezi ya mwisho ya mtumishi isimalizike yote katika kufuatilia barua yake ya kwanza ya ajira, hali yeye ndiye aliyetunza barua za wenzake wote.

Ndugu zetu wa Visiwani wasilione jambo hili kuwa la Bara. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianza kufundisha mwaka 2001: aliyeajiriwa wakati huo akiwa na miaka 35 hutimiza 60 mwaka 2026. Mwenye mikarafuu Pemba hangoji mauti. Humtembeza mwanawe mpakani, akamwonyesha mti kwa mti, huu wetu, ule una rehani ya fulani. Nasi tuliopita chuoni kwa maana ya kale ya neno hilo, kwa maalimu, na ubao na wino, tulifunzwa mapema kwamba deni huandikwa na mashahidi wakawepo. Ujuzi uliopatikana katika ofisi ya umma ni deni la umma.

Maoni yetu ni kwamba Serikali zote mbili zitoe waraka: mrithi wa kila mwendeshaji wa chuo kikuu ateuliwe miezi 12 kabla, waketi ofisi moja, na mstaafu apewe muda wa kazi wa kuandika anayoyajua, nakala moja masijala na nyingine maktaba. Watakuwapo watakaosema kwamba mishahara miwili kwa kazi moja ni anasa. Wakumbushwe gharama ya kesi moja ya ardhi ambayo shahidi wake amekwisha kurudi kijijini. Wala hatuombi mstaafu aongezewe miaka. Vijana wanangoja ajira. Morogoro ianze na wale watakaoondoka katika mwaka ujao wa fedha, na Zanzibar ianze na wale wa 2001.