Ndugu Ndio Wanaojua Kwanza

KUTOKA MATOGORO
Na Leokadia Haule

Aprili 2023, picha za Shakahola zilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni, wengi wetu tuliona makaburi. Polisi wa Kenya walikuwa wakifukua msitu ulio bara ya Malindi, Kaunti ya Kilifi, na kazi ile ilipoendelea idadi ya miili ilipita 400, watoto wengi miongoni mwao. Mchungaji Paul Mackenzie, dereva wa teksi wa zamani aliyeanzisha kanisa la Good News International mwaka 2003, anashtakiwa kwamba aliwafundisha wafuasi wake kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Ameyakana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama.

Mimi nataka kuwazungumzia watu waliokuwa pembeni mwa picha zile: kina mama, kaka na mashemeji waliokuwa wakiulizia watu wao, wakatolewa sampuli za vinasaba, wakasubiri karibu mwaka mzima hadi Machi 2024 miili ya kwanza ilipoanza kukabidhiwa. Baadhi yao walikwishapiga kelele mapema. Mackenzie alikuwa amefikishwa mahakamani tangu 2017, akidaiwa kuwafundisha watoto kuikataa shule. Kamati ya Seneti ya Kenya, na baadaye tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo, zilisema wazi kwamba taarifa ziliwafikia maofisa wa Malindi na hazikufanyiwa kazi ipasavyo. Familia zilijua. Hazikusikilizwa.

Hapa Songea hatujapata msiba wa namna hiyo, na ninamshukuru Mungu. Lakini njia inayompeleka kijana kwenye kundi kama lile ninaiona kila siku kati ya Lizaboni na Msamala, na inanitia hofu.

Kijana anayechukuliwa si lazima awe mjinga. Mara nyingi ni yule mwenye bidii. Tumchukue msichana aliyemaliza kidato cha sita na alama nzuri, jina lake halikutoka Bodi ya Mikopo, baba anasema tusubiri mahindi yauzwe. Au kijana aliyetoka Namtumbo akapanga chumba Bombambili, anaendesha bodaboda ya mkataba, na kila jioni hesabu ya tajiri inamsubiri. Mwezi mzima hakuna mtu mzima aliyemuuliza anaendeleaje. Siku moja mwenzake anamwalika kwenye ibada. Mlangoni wanamshika mkono na kumwita kwa jina. Asipoonekana Jumatano, watu wawili wanamfuata chumbani kwake na kumwuliza kama anaumwa. Wiki ya tatu amepewa kazi: kupanga viti, kushika spika, kurekodi mahubiri kwa simu. Sasa ana watu, na ana nafasi yake mbele za watu.

Sioni dhambi katika hayo. Nimelelewa Peramiho na najua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo zetu za Kikristo zilianzishwa zifanye hivyohivyo, mtu asikose kuonekana wiki mbili bila jirani kubisha hodi. Nyingi siku hizi zimebaki kuwa mahali pa kusomeana michango. Kijana asiye na hela ya mchango anaanza kuzikimbia, na huko anakokimbilia hakuna anayemdai kitu. Hadaiwi mwanzoni, lakini.

Kinachofuata ni mikesha. Jumatatu mkesha, Ijumaa mkesha, mfungo wa siku 3, mfungo wa siku 7, bila maji. Kufunga na kukesha ni mambo matakatifu katika dini zetu, na mapokeo yameyawekea mipaka: mgonjwa hafungi, mjamzito hafungi, futari ina saa yake. Mipaka hiyo ikiondolewa, mwili unafanya kazi yake. Mtu asiyelala wala kula hulia upesi na huona vitu, na sauti ya yule anayeshika kipaza sauti humwingia kama sauti ya kutoka juu. Halafu huanza kuletewa maneno mapya. Kiongozi ni baba wa kiroho. Kuuliza swali ni roho ya uasi. Ada ya chuo ni mbegu, apande.

Hata hivyo, chombo kinachokata kabisa kamba kati ya kijana na nyumbani, katika mazingira yetu ya kusini, ni uchawi. Nabii humweka kijana mbele ya watu na kumwambia kwamba mikosi yake yote ina mwenyewe: nyota yake ilifungwa, kuna madhabahu ya ukoo, na aliyeifunga ni mwanamke mzee wa upande wa mama. Hatamki jina, wala hana haja ya kulitamka. Kila kijana hapa ana bibi. Jambo lililokuwa na maelezo ya kawaida, mkopo uliokosekana, mtihani, pikipiki iliyonyang'anywa na tajiri, sasa lina uso, na uso huo ni wa bibi aliyemlea. Kuanzia siku hiyo hali chakula cha nyumbani. Akipelekewa unga na maharage kutoka kijijini, anavitupa. Mama akimwombea, anahisi analogwa. Simu ya nyumbani ikiita, anaambiwa na wenzake kwamba hivyo ndivyo vifungo vinavyomfuata.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu tunajua nchi hii imezika wazee wangapi waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Kiongozi yeyote wa dini anayemwonyesha kijana kwamba adui yake ni bibi yake amewasha moto asioweza kuuzima, hata kama hana nia ya kumpeleka mtu msituni. Maaskofu, wachungaji na masheikh wa Songea walikemee hilo hadharani.

Na sisi wazazi hufanya nini? Baba anapandisha hasira, anachana vitabu vya kijana, anamwambia achague kati ya nyumba hii na nabii wake. Mama anamwita mjomba, na mjomba anapendekeza waende kwa mganga. Fikirini jambo hilo upande wa kijana. Ameambiwa nyumba yake ina waganga, naye anakokotwa kwa mganga. Ameambiwa ndugu watamkataa kwa ajili ya imani, na begi lake liko nje. Yote aliyotabiriwa tumeyatimiza kwa mikono yetu, na imani yake kwa yule mtu inakomaa mbele ya macho yetu.

Halafu tunaficha. Mtu akiuliza, tunasema yuko Dar, amepata kazi. Kwa aibu hiyo familia tatu za mtaa mmoja zinaweza kuwa na watoto kwenye kundi moja na zisijue.

Nina sababu ya kuwasihi wazazi wasikate tamaa. Mwaka 1984 mwanasosholojia wa Uingereza, Eileen Barker, alichapisha utafiti wake juu ya kundi la Sun Myung Moon wa Korea, ambalo wazazi wa Ulaya na Marekani waliamini linawafuta vijana akili. Alifuatilia watu wapatao 1,000 waliohudhuria semina za kulala za kundi hilo jijini London na vitongoji vyake mwaka 1979. Tisa katika kila kumi hawakujiunga. Waliojiunga, wengi waliondoka wenyewe ndani ya miaka miwili. Maana yake kwangu ni hii: kijana aliyeingia bado ana akili yake, anapima, na siku ya kuchoka huwa ipo. Swali ni kama siku hiyo atakuwa na namba ya kupiga na mlango wa kugonga.

Makundi yanayoua yanalijua hilo, ndiyo maana huziba kila mlango. Joseph Kibwetere wa Uganda alikuwa mtu mzima wa kuheshimika, mkulima na mwanasiasa, alipokutana mwaka 1989 na Credonia Mwerinde, mwanamke aliyekuja kuongoza naye kundi la dini. Kundi lao likahamia nyumbani kwake. Mke na watoto wakaona jinsi nyumba inavyogeuka, wakalitimua. Kibwetere akaondoka nalo hadi Kanungu na hakurudi. Huko waumini waliuza mali zao, watoto walitengwa na wazazi, watu wakakatazwa kuzungumza wakawa wanawasiliana kwa ishara. Mwisho wa dunia uliotabiriwa kwa kuingia mwaka 2000 haukutokea. Machi 17 ya mwaka huo jengo lililojaa watu liliteketezwa, na baadaye miili mingine ikafukuliwa kwenye nyumba za kundi hilo. Makadirio mengi ya vifo vyote yanapita 700. Mtu asiyeruhusiwa kuzungumza hata na aliyeketi naye hawezi kumwambia mwenzake kwamba ameanza kuwa na shaka.

Tusidhani pia kwamba jambo hili ni la Wakristo peke yao. Ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Cabo Delgado, wapiganaji waliovamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia Oktoba 2017 walikuwa wameanza miaka kadhaa kabla kama kikundi cha vijana wakali wa dini. Waliingia misikitini na viatu, wakakataa shule za serikali, wakawaita baba zao makafiri. Wa kwanza kuwapinga na kuwaripoti serikalini walikuwa viongozi wa Kiislamu na wazee wa palepale. Hatua za kweli zilichelewa. Oktoba 2020 moto huo ulivuka hadi Kitaya, mkoani Mtwara. Wazee walijua, kama ndugu wa Malindi walivyojua.

Ndiyo maana jibu ambalo mzazi hupewa anapokwenda kuomba msaada linaniuma: mwanao ana miaka 20, ni mtu mzima, Katiba inampa uhuru wa kuabudu. Jibu hilo ni sahihi kisheria, na ninautetea uhuru huo kwa moyo wote, kwa sababu serikali inayoweza kumkataza mtu imani yake leo itanikataza mimi yangu kesho. Lakini mzazi hajaja kulalamikia imani. Amekuja kusema kwamba ada imechukuliwa, kwamba kijana ameacha ARV, kwamba kuna nyumba wanalala watu wengi na mtoto wa miaka 9 haendi shule. Hayo ni matendo, na yana sheria zake. Mwanza, Februari 2022, Polisi walipoingia nyumbani kwa yule mama kiongozi wa dini anayejulikana kama Mfalme Zumaridi walikuta watu zaidi ya mia wakiishi humo, watoto wakiwemo. Watu wengi kiasi hicho hawakusanyiki usiku mmoja. Majirani waliwaona wakiingia.

Ninachokiomba kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Polisi wetu ni kidogo. Taarifa ya ndugu iandikwe, iwe na tarehe na namba ya jalada, hata kama siku hiyo hakuna kosa la kumkamatia mtu. Ya pili ikija juu ya nyumba ileile, ziwekwe pamoja. Ya tatu ikija, ofisa ustawi wa jamii aende akaone watoto wanalala wapi na wanakula nini. Msajili wa Jumuiya, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ana uwezo wa kuuliza hesabu na uongozi wa kundi lililosajiliwa, na lisilosajiliwa lina swali la kujibu kabla ya yote.

Kwa wazazi: msilipe kundi lolote, msimpe kijana fedha taslimu, lipeni ada chuoni moja kwa moja. Lakini simu mpigieni. Msibishane naye maandiko, maana amefundishwa majibu yote. Mwulizeni amekula, amelala, mguu umepona. Mwambieni nani ameoa na ng'ombe amezaa. Akija, akute kitanda chake.

Na palipo na mtoto chini ya miaka 18, msisubiri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji, awe ndugu au jirani tu. Asiyetaka kuonekana akienda ofisini apige 116, simu ya huduma kwa mtoto. Haina gharama.