Hadithi Ukutani

Husemwa kwamba kupamba chumba cha mtoto ni kazi ya wenye fedha. Sisi hatukubali. Wazee wa Kiluba walihifadhi habari za wafalme katika lukasa, ubao wa shanga uliosomwa kwa kidole. Ukuta wa udongo hapa Mulongo waweza kutumika vivyo hivyo. Kwa makaa na udongo mweupe, mchoreeni mdogo wenu Kalala Ilunga akicheza karibu na mkeka uliofunika shimo la mjomba wake Nkongolo, na mpiga ngoma akimwonya. Lakini mtoto achague mwenyewe. Akitaka Sungura, apewe Sungura. Mkono wake nao uchore, hata mkia ukipinda. Rangi ikibanduka mtachora tena, naye atawasimulia upya ndugu wanaolala naye kitanda kimoja.