Sifa za Mapema ni Deni Analolipa Kijana

Kila mwaka ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, hugawana vijana wapya. Timu zilizofanya vibaya ndizo hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mwanzo, na papo hapo soko la matumaini hufunguliwa. Jezi huuzwa kabla kijana hajacheza dakika moja. Wachambuzi humlinganisha na magwiji ambao hajawahi hata kukutana nao uwanjani.

Hoja yangu ni hii: sifa za mapema ni mkopo ambao wengine huchukua kwa jina la kijana. Mkopo ukizaa faida, hugawana wote. Usipozaa, hulipa yeye peke yake. Sisi Watanzania tulipaswa kulijua hili mapema kuliko wengi, maana mwenzetu amelilipa deni hilo.

Juni 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. James Harden alichaguliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, Thabeet alipelekwa kwa muda kwenye ligi ndogo, katika timu ya Dakota Wizards. Baadaye akapita Houston, Portland na Oklahoma City. Aliondoka NBA akiwa na wastani wa pointi 2.2 kwa mchezo. Tangu hapo jina lake halikosekani katika orodha za machaguo mabaya, na baadhi yetu tumejiunga na wanaocheka.

Wanaomcheka hupenda methali isemayo mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wanaitumia vibaya. Methali hiyo humhusu mgema aliyelewa sifa za wanywaji wake. Katika biashara hii wanaosifu ni wauzaji wa tembo, na kijana ndiye tembo lenyewe. Nani basi wa kulaumiwa likionekana jepesi?

Tuutazame ukweli. Kwanza, Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Alipochaguliwa alikuwa bado mwanafunzi wa mchezo huu, ingawa alikuwa mlinzi hodari katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Waliomchagua walikuwa na makocha, madaktari na wapelelezi wa vipaji. Walipima urefu wake wakaudhani ni ujuzi. Kosa hilo la kitaalamu lilifanywa na watu wazima wanaolipwa ili wasilifanye.

Pili, mchezaji mchanga hukua kwa kucheza. Memphis ilikuwa na Marc Gasol na Zach Randolph chini ya kikapu, na Thabeet msimu ule alipata dakika 13 hivi kwa mchezo. Mche uliopandwa kivulini haulaumiwi kwa kudumaa.

Tatu, na hili ndilo linalonikera zaidi: sisi tulichangia nini? Tulimpa bendera aibebe. Hatukumpa ligi imara ya vijana wala walimu wa mchezo wa kutosha mashuleni. Hayo alikwenda kuyatafuta ughaibuni. Aliyefaulu tunamwita wetu, na akiyumba tunamwita yule. Huo si uzalendo.

Najua nitakavyojibiwa: mbona Victor Wembanyama alisifiwa kuliko wote, na mwaka 2024 akatwaa tuzo ya mchezaji bora mpya kwa kura zote? Ni kweli, lakini mfano huo unaniunga mkono. Wembanyama alilelewa katika klabu ya Nanterre tangu utotoni, akacheza ligi ya wakubwa ya Ufaransa kabla ya kuvuka bahari. Sifa zilimkuta amekwisha kuandaliwa. Na hata hivyo, San Antonio Spurs ilipoteza michezo 60 kati ya 82 katika msimu wake wa kwanza. Ikiwa kipaji cha namna hiyo hakikuweza kuibeba timu moja, kwa haki gani tulimtaka kijana mmoja aibebe nchi?

Kesho ataibuka mwingine, wa kikapu, wa soka au wa riadha, na vyombo vya habari vitampa ufalme kabla hajavaa viatu. Siku hiyo, ndugu msomaji, usiulize atafika wapi. Waulize wanaompigia makofi wamewekeza nini kwake na watalipa nini akikwama. Wasipokuwa na jibu, makofi yao ni dalali anayemnadi mtoto wa watu.

Thabeet hana deni na sisi. Alifika mahali ambapo hapakuwa na njia kutoka kwetu. Sisi ndio tunaodaiwa njia hiyo, na bado hatujaijenga.