Noti Zikishtakiwa

Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ambayo jina lake ni "Marekani dhidi ya dola 124,700". Mshtakiwa ni noti. Polisi walizikuta kwenye gari la kukodi huko Nebraska, ndani ya kisanduku cha barafu. Mwenyewe alisema alikuwa anatafuta lori la kununua. Garini hamkuwa na dawa za kulevya. Noti zikashindwa kesi, serikali ikazibeba.

Huo ndio utaifishaji wa mali kwa kesi ya madai: mtu hahukumiwi, inahukumiwa mali yake. Watetezi wake husema bila sheria hiyo wauza unga wangetamba. Kwa kigogo aliyetorokea ughaibuni, nawakubalia. Lakini mama wa Alabama je? Mwaka 2019 kijana wake alisimamishwa akiendesha gari la mama huyo, akakutwa na bangi. Gari likakamatwa. Mama alilipata baada ya miezi 20, na huko si Kariakoo kwamba utadandia daladala. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilisema Katiba haimpi haki ya kusikilizwa mapema kuhusu kubaki na gari huku kesi ikisubiri.

Wanamageuzi wengi hung'ang'ania viwango vya ushahidi. Sheria ya mwaka 2000 iliitwisha serikali kuu mzigo wa kuthibitisha. Ni vizuri, ila haikugusa mfuko. Mimi nasema tuanzie mfukoni. Polisi wa jimbo wakiipeleka mali kwa serikali kuu, wanaweza kurudishiwa hadi asilimia 80 ya thamani yake. Yaani anayeamua kama noti zako zina harufu ya uhalifu ndiye atakayezitumia. Refa gani hulipwa kwa kila penalti anayotoa?

New Mexico walilielewa hili mwaka 2015: mtu ahukumiwe kwanza, kisha fedha ziende hazina ya jimbo, si kwa polisi. Muswada wa kufuta mgawo huo nchi nzima upo. Mwaka 2023 kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi iliupitisha bila kura hata moja ya kuupinga. Bunge hilo lilimaliza muda wake Januari 2025 muswada ukiwa bado haujawa sheria, na mgawo unaendelea.