Tualikeni Siku za Kawaida: Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Halmashauri

Ndugu Wakurugenzi,

YAH: MATANGAZO, MIKUTANO NA ASILIMIA MBILI ZETU

Kila mwaka, tarehe 3 Desemba, mnatukumbuka vizuri sisi watu wenye ulemavu. Tunapewa fulana, tunafungiwa maturubai, mgeni rasmi anasomewa risala, viti mwendo vichache vinakabidhiwa mbele ya kamera, na watu wanatawanyika. Umoja wa Mataifa uliitangaza siku hiyo mwaka 1992 na sina ugomvi nayo. Barua hii inahusu siku 364 zilizobaki.

Mimi ni fundi cherehani na natumia kiti mwendo. Nalipa ushuru kama jirani zangu na napiga kura pale wanapopigia. Siandiki kuomba mtujengee kituo kipya wala mtuanzishie mradi mpya wa wafadhili. Mambo mengi ya kumfaa mkazi tayari yapo: mkutano wa mtaa, kliniki ya mkoba, mafunzo ya ujasiriamali, mikopo isiyo na riba, bonanza la vijana, maonyesho ya Nanenane, nafasi za kazi za muda wakati wa uandikishaji wa wapiga kura. Shida ni kwamba taarifa zake hutupita, na zikitufikia, mara nyingi pale shughuli inapofanyikia hapaingiliki. Ninachoomba ni kimoja: katika kila jambo mnaloliandaa kwa ajili ya wananchi wote, mtuhesabu tangu siku ya kulipanga.

Nianze na matangazo. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Sasa fuateni mbiu ya siku hizi muone inaishia wapi. Gari la matangazo linapita mtaani likinguruma, na kiziwi aliyekaa barazani analiona likipita tu. Karatasi inabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, na asiyeona anaupita ubao huo bila kujua kuna jipya. Balozi anapita nyumba hadi nyumba, lakini kwenye nyumba yenye kijana mwenye ulemavu wa akili ujumbe anaachiwa mama, na kijana mwenyewe haambiwi, kwa kuwa wote wawili wameshaamua kwamba halimhusu.

Imebaki simu. Karibu kila mtaa una grupu la WhatsApp, na mtendaji anatuma humo barua yenye mhuri aliyoipiga picha. Wapo wasioona wengi wanaotumia simu zinazowasomea maandishi kwa sauti. Simu hizo husoma maandishi yaliyochapwa. Barua iliyopigwa picha, mara nyingi haziwezi kuisoma, au zinaisoma kwa kubabaika. Dawa yake haigharimu hata shilingi mia. Mtendaji akishatuma picha, achape maneno yaleyale chini yake, kisha arekodi sauti ya nusu dakika: jambo gani, wapi, saa ngapi, uje na nini. Maandishi yatamfaa kiziwi anayejua kusoma, sauti itamfaa asiyeona, na sauti hiyohiyo itamfaa bibi ambaye hajui kusoma, ingawa hana ulemavu wowote. Kwa wasio na simu janja, ujumbe mfupi wa kawaida unatosha.

Tukishapata habari, kuna suala la kufika. Ofisi ya kata ina ngazi tatu mlangoni. Ukumbi uko ghorofa ya kwanza. Choo mlango wake ni mwembamba kuliko kiti mwendo. Hapo vijana wenye moyo mwema hujitolea kunibeba. Nawashukuru, ila mtu mzima kubebwa juujuu mbele ya wakwe na wateja wake si njia ya kuingia mkutanoni. Wengi wetu tumeamua ni heri kubaki nyumbani, na kwenye muhtasari wa mkutano hilo huandikwa kuwa hatukuhudhuria.

Uwanja wa wazi nao una taabu zake. Mkutano ukiitishwa saa sita mchana pasipo kivuli, mwenye ualbino analazimika kuchagua kati ya ngozi yake na haki yake ya kusikiliza mapato na matumizi. Mkiuleta saa mbili unusu asubuhi, au mkiusogeza chini ya mwembe, mmeshamwalika. Na kwa kuwa tumefika kwenye ngozi: mafuta ya kukinga jua yanatengenezwa hapa nchini, pale hospitali ya KCMC, Moshi. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino anastahili kujua kwa tangazo ni lini zahanati ya kata yake inayo na ni lini imeishiwa. Asiachwe afunge safari kwenda kubahatisha.

Kwa viziwi, mlango ni mkalimani wa lugha ya alama. Najua wakalimani ni wachache na halmashauri nyingi hazina hata mmoja aliyeajiriwa. Lakini mkutano wa robo mwaka haushtukizi. Tarehe yake inajulikana mapema. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinawajua wakalimani walipo. Mkalimani akiombwa wiki tatu kabla, atapatikana. Akitafutwa asubuhi ya mkutano, hapatikani, kisha tunaambiwa imeshindikana. Mkumbuke pia kuwa wapo viziwi ambao hawakupelekwa shule na wana ishara za nyumbani kwao tu. Huyo mwacheni aje na dada yake au rafiki yake anayemwelewa, na mumwekee huyo ndugu kiti cha mbele. Asiulizwe mlangoni amekuja kufanya nini.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapa ndipo habari iliyochelewa inapomtia mtu hasara. Tangu mwaka 2018, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo ili utaratibu wake urekebishwe, na mwaka 2024 ikaifungulia tena kwa kanuni mpya. Hiyo ni sheria ya kujivunia, na halmashauri haitufanyii hisani inapoitekeleza.

Tufanye hesabu ya sokoni. Halmashauri ikiwa na mapato ya shilingi bilioni 5 yanayohesabiwa, asilimia 10 ni milioni 500, na fungu letu ni milioni 100. Fedha hiyo inaweza kununua vyerehani, bajaji zinazoendeshwa kwa mikono, mashine za kukamua alizeti au vifaranga na chakula chake. Mkazi atajuaje kwamba ipo, imetolewa kiasi gani na nani amekosa? Kwenye ubao wa matangazo mara nyingi unakuta jumla tu: mikopo ya asilimia 10. Ndani ya jumla hiyo, 2 zinaweza kupotea na asiyejua kutenganisha hesabu asione kitu.

Naomba, kwa hiyo, kila robo mwaka mchapishe fungu la asilimia 2 peke yake kwa mistari minne: kiasi kilichotengwa, kiasi kilichotolewa, idadi ya maombi yaliyopokelewa na idadi ya yaliyokataliwa pamoja na sababu zake. Majina ya watu si lazima. Sababu za kukataliwa ndizo zitakazotusaidia zaidi. Kama wengi wamekwama kwenye andiko la mradi, afisa maendeleo ya jamii wa kata atajua wiki ijayo afundishe nini. Kama wamekwama kwenye mfumo wa kompyuta ambao asiyeona hawezi kuujaza bila msaada, mtajua pa kumweka mtu wa kumsaidia, na mtu huyo awe mwaminifu, kwa sababu anashika namba za siri za wenzake.

Mkopo bila soko, hata hivyo, ni deni. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya kila taasisi ielekezwe kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri inanunua mapazia, madawati, chakula cha semina, sabuni za zahanati. Mimi nashona. Wenzangu wanachomelea vyuma, wanapika, wanatengeneza sabuni. Mkopeshaji na mteja wetu ni ofisi moja iliyotenganishwa na ukuta. Maafisa maendeleo na maafisa ununuzi wakikaa meza moja kabla ya Julai Mosi, mwaka wa fedha unapoanza, tutarejesha mikopo kwa wakati na ninyi mtapata mashuka na mapazia.

Isionekane kwamba tunawaza fedha na dawa tu. Tuna hamu ya kucheza, kushangilia na kukutana na watu. Mwaka 2022 timu yetu ya taifa ya mpira wa miguu kwa wenye ulemavu, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia huko Uturuki. Waliocheza kule wametoka mitaani kwenu, na kabla ya jezi ya taifa palihitajika mtu wa kuwaambia leo jioni kuna mazoezi, njoo na magongo yako. Bonanza la kata likiwa na mechi sita, ya saba iwe ya wenye magongo, uwanja uleule na watazamaji walewale. Msitutengee Jumatano mchana wakati hakuna mtu.

Najua majibu mtakayopewa na wasaidizi wenu. La kwanza: bajeti haipo. Mengi niliyoyataja yanataka mpango kuliko fedha: kuchapa ujumbe, kurekodi sauti, kuhamishia mkutano chini, kubadili saa. Yanayotaka fedha, kama posho ya mkalimani au njia ya mteremko kwenye mlango wa ofisi, yaingizwe kwenye gharama ya shughuli yenyewe, kama maturubai na maji ya kunywa yanavyoingizwa. Hakuna shughuli iliyowahi kuahirishwa kwa kukosa fungu maalumu la maji.

La pili: hatujui walipo. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Humo wamo wenye ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kujihudumia, na wazee wetu wengi wamo. Mkutano wenye watu wazima 200, ukifanana na nchi ilivyo, ungekuwa na watu 22 hivi wa kundi hilo. Katika mkutano ujao mwombeni mtendaji aangalie waliokuja. Akiwakuta watatu, asiseme hawapo. Waulizwe hao watatu wenzao wamekwama wapi. Tena Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati iliyo hai inamjua mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyefungiwa chumba cha uani kabla hata ofisi haijaandika barua. Palipo na kamati isiyokutana, iitisheni. Palipokosekana, iundeni, na msichague wajumbe wote kutoka aina moja ya ulemavu, maana mimi wa kiti mwendo sijui adha ya kiziwi.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: hata wakiitwa, hawaji. Ni kweli wapo waliokata tamaa. Mtu akiitwa mara kadhaa akakuta ngazi, au akakaa kwa saa nne asielewe neno, hawezi kulaumiwa akikataa mwaliko mwingine. Imani iliyovunjika namna hiyo hairudi kwa tangazo moja, na itawabidi mualike mara nyingi zaidi ya mlivyozoea.

Ndugu Wakurugenzi, nahitimisha kwa maombi manne yanayopimika, na naomba yaanze robo hii ya mwaka wa fedha. Kwanza, kila kata ichapishe ratiba ya miezi mitatu ya mikutano, kliniki, mafunzo na michezo, ikionyesha saa, mahali, kama kiti mwendo kinaingia na kama mkalimani atakuwepo. Ratiba hiyo itolewe kwa karatasi, kwa ujumbe wa maandishi na kwa sauti. Pili, ile mistari minne ya asilimia 2 ibandikwe na isomwe mkutanoni. Tatu, mtendaji yeyote asipitishiwe bajeti ya shughuli ya wananchi ambayo haijajibu swali la wenye ulemavu wataingiaje na wataelewaje. Nne, kamati ya watu wenye ulemavu ipewe dakika kumi katika kila mkutano wa kawaida, ieleze kilichotekelezwa na kilichokwama.

Sisi tutatimiza la kwetu. Tutaandika majina, tutaleta maombi yaliyokamilika, tutarejesha mikopo na tutawaambia wenzetu waje. Tarehe 3 Desemba tutakuja pia. Safari hii risala yetu itasoma maombi haya manne moja baada ya jingine na kutaja lililofanyika na lisilofanyika, mgeni rasmi akiwa ameketi. Mnao muda wa kutosha wa kuifanya iwe risala fupi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi cherehani, mkazi na mlipa ushuru