Buti ziko uvunguni, usingizi bado wa lindo

Niliingia chuo cha polisi Moshi mwaka 1983, nikastaafu 2018 nikiwa sajenti. Kwata ilikuwa kali, Mlima Kilimanjaro ukitutazama asubuhi kama ofisa wa zamu. Lakini kazi hasa haikuwa kukimbizana na majambazi. Ilikuwa kaunta ya kituo. Mama anakuja usiku wa manane, mtoto mgongoni, anataka RB, namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi. Ukimkaripia harudi tena, na mhalifu umempoteza. Polisi Jamii, yaani polisi kushirikiana na wananchi, ilipohimizwa enzi za Mkuu wa Polisi (IGP) Said Mwema, kuanzia 2006, wenzangu walicheka. Mimi somo hilo nilishalipata pale kaunta.

Sasa nafuga kuku. Kiinua mgongo kilichelewa, nikauza pikipiki, hayo yamepita. Saa kumi alfajiri macho makavu, na mgahawani siupi mlango mgongo. Majirani bado wananiita afande, na kesi za mbuzi kula mahindi zinaishia barazani kwangu, bila pingu wala RB. Vijana mlioko kazini, jengeni kibanda mapema. Nyumba ya kota si yenu.